Kufungua Ngumi ya Mama

Mie ni msusi, na wateja wangu wote wa Temeke watakwambia kitu kimoja: mkono wangu mzito. Nikikusuka leo, kesho unatembea nyusi zimepanda juu, watu wanakuuliza umeshtuka nini. Wananuna, wengine machozi yanawatoka palepale kwenye kigoda, halafu mwezi ukiisha wanarudi wenyewe, kwa sababu nywele nilizosuka mie hazifumuki ovyo. Nilikuwaga najivunia mkono huo. Mtu akilalamika namwambia, ukitaka kubembelezwa nenda kwa mama yako, hapa umekuja kusuka.

Basi mama yangu mwenyewe alipopata kiharusi, mkono huo haukunifaa kitu.

Kilimchukua upande wa kulia. Alhamdulillahi mdomo ulirudi, na maneno yakarudi, tena yakarudi na nyongeza. Mguu nao ukakubali kidogo kidogo, akawa anatembea na mkongojo huku ndala moja inakwaruza sakafu. Mkono ndio uliogoma. Ulijikunja ngumi, kidole gumba ndani, vinne vimekilalia juu, ukabaki hivyo asubuhi na jioni. Mama akawa anauficha ndani ya khanga, mgeni akiingia anamwitikia kwa kichwa tu.

Mtu asiyekulia nyumba kama yetu anaweza kuuliza, kwani hana mkono wa kushoto? Anao. Lakini mama yangu ni mtu wa pwani wa kizamani, na mkono wa kushoto kwake una kazi yake, na kazi hiyo inafanyikia msalani. Kula nao mbele za watu aliona heri akose. Shehe wa mtaani alikuja akamwambia waziwazi, mama, mgonjwa ana udhuru, kula kwa mkono wowote. Akamjibu, "Nimekusikia shehe, Mungu akujaze kheri." Shehe alivyotoka tu, chakula akakila peke yake chumbani, mlango umefungwa.

Huo mlango ndio ulionikaa rohoni. Kwetu sie tunakula sinia moja, wanawake mkekani sebuleni, wanaume barazani, na mazungumzo yote ya nyumba yanatokea hapo. Mwanangu wa kike anasimulia ya shule, mie nawasema wateja wangu, mama anatuchamba wote. Sasa tukawa tunakula kimya, tunasikia kijiko kinagonga sahani nyuma ya mlango, kigonge, kianguke, kigonge tena. Nikawa nakosa hamu ya chakula, na mie si mtu wa kukosa hamu ya chakula, niangalie mwili wangu utaamini. Nilitaka jambo moja tu: mama arudi mkekani.

Hospitali walitupa daktari wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, anaongea utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili. Akatuonyesha namna ya kumfungua vidole. Mie nikatazama juujuu, nikasema nimeelewa, twende. Kufika nyumbani nikashika vidole kwenye ncha, nikavuta. Mama alipiga ukelele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. Ngumi ikazidi kukaza. Kesho yake nikavuta zaidi, maana mie kitu kikinigomea naongeza nguvu, ndivyo nilivyoumbwa. Haikupita wiki mama akanipiga marufuku.

"Usiniguse tena," aliniambia. "Mie si kichwa cha kusuka."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa na hasira hata sijui nimkasirikie nani.

Katika siku hizo hizo nilikuwa namsuka mteja mmoja anayefanya kazi ya ulinzi, dada wa watu mwenye mabega, akaanza kunisimulia kuhusu mazoezi yao ya wikiendi. Wanawake watupu, ukumbini, nyuma ya madrasa moja huko Kinondoni. Mchezo wa kale wa Kijapani, wa kupiga mwili ukiwa laini na kukunjana viungo. Akanishika kidole kimoja tu kunionyesha, nikajikuta nimesimama kwa ncha za miguu na chanuo bado liko mkononi. Akaniachia, akacheka, akakaa, nikaendelea kusuka. Lakini kichwani nimeshatoka hapo zamani. Nilikuwa nawaza, mtu anayejua kukunja kiungo, lazima atakuwa anajua na kukikunjua.

Jumamosi nikaenda.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kawaida, mapazia yameshushwa, mlango umekomewa ili wanaume wasichungulie. Mabuibui yametundikwa misumarini, na chini wanawake wa kila aina kwenye suruali za mazoezi. Magodoro ya zamani yameshonewa turubai juu, ndio uwanja. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba, siku za kazi anauza kwenye duka la dawa, ana kicheko cha karibu sana. Nikamwambia ukweli wangu pale pale, kwamba mie sina haja ya kupigana na mtu, nina ngumi ya mama yangu nataka kuifungua. Hakucheka. Alinitazama mabega, akasema, "Tutaanza na ya kwako kwanza."

Sikumwelewa, na sikupenda.

Akanipangia mwenza, na hapo ndipo kizaazaa kilipoanzia. Mwenza wangu alikuwa mama mmoja wa Kihindi, Shia, wa hapa hapa Dar toka mababu zake. Ana zaidi ya miaka sitini, mfupi, mnene kidogo, kitambaa chake cha kichwani amekikaza vizuri. Yeye na mumewe wana duka la vigae. Akaja amenishikia pedi ya kupigia kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba binti yangu. Haya, nipige."

"Mama, nitakuumiza."

"Inshallah utajaribu."

Nikasema sawa, umeyataka mwenyewe. Nikavuta pumzi, nikakunja ngumi, nikaitupa kwa nguvu zote ninazozijua. Lahaula! Begani niliumia mie. Yule mama hakusogea hata unyayo. Nikapiga tena, nikapiga tena, natoka jasho, na yeye ananiuliza kama nimeshaanza. Wenzangu kule nyuma wanafinya vicheko.

Mwalimu akaja, akaniwekea kidole hapa, kati ya bega na sikio. "Nguvu zako zote zimekwama hapa," akasema. "Unapiga huku umejizuia mwenyewe. Ngumi inafika haina kitu." Kisha akaniuliza, "Ukimaliza kutawadha, maji ya mkononi unayakung'utaje?"

Nikamwonyesha. Mkono ukaenda, pa, matone hewani.

"Hapo ulikaza?"

"Sikukaza."

"Basi piga hivyo."

Nikamwona ananitania. Yule mama wa vigae akanipa mie pedi nishike, akashusha mabega, akatoa pumzi, na mkono wake ukaja mlegevu, kiganja wazi, hauna haraka. Nilichosikia ni kishindo. Nikarudi kinyumenyume, nikakaa chini kwenye turubai, pu, mie na mwili wangu wote huu. Mama wa miaka sitini na ushee! Nikabaki namkodolea macho, na yeye ananiinua mkono huku ananiambia pole binti yangu, pole sana, leo nimekula chapati nyingi.

Toka hapo nikawa mtu wa kukung'uta mikono. Nakung'uta jikoni, nakung'uta saluni, nakung'uta nikisubiri bajaji. Mwanangu akaniuliza kama kuna sisimizi. Na ajabu ikaanza kutokea kwenye kigoda changu, kwamba wateja hawalii tena. Mmoja akageuka katikati ya kusuka akanitazama usoni. "Dada, leo unaumwa?" Nikamwambia geuka mbele kabla sijakumbuka zamani.

Kukunjana viungo sasa, hiyo ilikuwa aibu ya peke yake.

Zoezi lenyewe rahisi. Mwenzio anakunyooshea mkono, wewe unaushika kifundo, unaugeuza, unampeleka chini taratibu. Akiumia anapiga godoro, unamwachia. Yule mama akaninyooshea mkono wake, na mie nikaupokea kwa mikono miwili, nikainama, nikaubusu.

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Jamani, sikukusudia. Sie kwetu mtu mzima akikunyooshea mkono humpi tu shikamoo ya mdomoni, unaupokea, unainama, unaubusu. Nimelelewa hivyo toka sijaanza kutembea sawasawa. Mkono ulikwenda wenyewe. Yule mama naye, kama ilivyo kwa watu wazima, akawa anaupokonya ili nisimbusu, na katika kuupokonya akanigeuza mie, nikajikuta uso uko kwenye turubai.

"Tena," mwalimu akasema, machozi ya kicheko yanamtoka.

Tena nikambusu. Wallahi. Nilikuwa najiapiza kabisa safari hii simbusu, mkono ukija tu, kichwa kinainama. Mwalimu akasema amefundisha watu wa kila namna, hajapata kuona mtu anayepigwa kwa sababu ya adabu. Akanibadilishia mwenza, akanipa wasichana wa rika dogo, nikawa simba. Nawakaba, nawavuta, wanakaza na wao, tunabaki tumeng'ang'aniana katikati ya godoro hakuna anayekwenda popote, mpaka mwalimu anakuja kututenganisha. Kwa wakubwa nilikuwa laini mno, kwa wadogo nilikuwa chuma. Akaniambia, "Una mikono miwili, na haijuani." Nikarudi nyumbani nimenuna.

Siku iliyogeuza mambo, mwalimu alikuja na mwiko wa ugali. Akampa yule mama wa vigae, akamwambia aushike kwa ngumi asiuachie. Akaniambia mie nimnyang'anye.

Nikaanza kama ninavyojua. Nikabandua kidole cha mwisho. Nikifika cha pili, cha kwanza kimeshajifunga. Nikabandua viwili pamoja, gumba likakaza. Nikatia kucha, akaniambia, "Kucha hapana, binti yangu, mie nina kisukari." Nikaona haya, nikaacha. Nikajaribu tena. Ngumi ile kadiri ninavyoichokonoa ndivyo inavyozidi kujifunga, na mie nikaacha kuvuta, kwa sababu hiyo ngumi nilikuwa naifahamu. Ndiyo niliyoiacha nyumbani.

Mwalimu akaniona. Akanitoa pembeni polepole, akashika mkono wa yule mama kwa chini, hakugusa kidole hata kimoja. "Ngumi haifunguliwi kwenye vidole," akasema. "Huu mkono unataka kujikunja, si ndiyo? Haya, usibishane nao. Nenda nao." Akauinua mkono kidogo, akakiacha kifundo kijikunje kwa ndani, kielekee kule kule kilikokuwa kinataka, akakisindikiza mbele zaidi. Vidole vikalegea vyenyewe. Mwiko ukaanguka chini.

Nilisema, "Rudia." Akarudia. Nikasema nipe mie. Nikafanya, nikakosea, nikafanya tena taratibu, mabega chini, mwiko ukaanguka. Nikaangua kilio hapo hapo ukumbini, na hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa mwalimu na yule mama. Yule mama akanifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akasema, "Nenda kwa mama yako."

Sikwenda moja kwa moja kwa mama. Safari hii nilijifunga breki. Jumatatu nikapita kwanza hospitali, nikamwambia yule kijana wa mazoezi nilichojifunza, nikamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, mbona ndicho nilichokuonyesha siku ya kwanza?" Akachukua mkono wangu, akafanya vile vile, kifundo kwanza, gumba baadaye, vidole mwisho, polepole, bila kushtua. Akaongeza kwamba nikisikia mkono unakaza nisimame, nisubiri, nisishindane nao. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamshukuru, nikaondoka haraka kabla hajaniuliza siku ile nilikuwa natazama wapi.

Sasa nina ujuzi, lakini marufuku bado ipo. Mama akiniona nakaribia upande wa kulia, khanga inavutwa. Nikakaa nafikiri nitaanzaje. Nimwambie nini? Mama, nipe mkono, sasa nimejua? Angenijibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Alfajiri moja, baada ya swala, niliingia chumbani kwake kumpelekea uji. Alikuwa bado amekaa kwenye msala, khanga imelegea, ile ngumi iko juu ya goti. Wala sikupanga. Nilipiga magoti nikasema shikamoo mama, na mkono wangu ukaenda wenyewe, kama ulivyokuwa unakwenda kule ukumbini wakinicheka. Nikaupokea mkono wake kwa chini, kiganja changu kimemshika kigasha, nyuma kidogo ya kifundo, nikauinua kuelekea mdomoni. Ukiuinua mkono wa mtu mzima kuubusu, kifundo kinashuka chenyewe, kinajikunja kwa ndani. Nikaubusu mgongo wa ile ngumi. Nikabaki hapo nimeinama, mabega chini, napumua.

Mama hakunipokonya. Angenipokonyaje? Mwanao amekupa shikamoo, amekupokea mkono, utamwambia usiniguse?

"Marahaba," akasema, taratibu, ana wasiwasi.

Na mie nikasikia mdomoni kwangu vifundo vya vidole vyake vinalegea. Kidogo sana, kama unga wa chapati uliokandwa unavyoachia ukiupumzisha. Gumba likatoa ncha nje. Sikulivuta, nililiacha lichungulie. Kisha nikaushusha mkono gotini kwake, nikamwambia uji utapoa, nikatoka. Huko nje nililia na kucheka pamoja, mume wangu akaniuliza kama nimeona jini.

Basi ikawa ndiyo dawa yetu. Kila asubuhi shikamoo, na jioni nikitoka saluni shikamoo nyingine, na kila siku shikamoo inarefuka. Mama si mjinga, aliigundua mapema. Siku moja nimeinama hapo, gumba limetoka lote, vidole viwili vimefunguka nusu, nikamsikia juu ya kichwa changu:

"We mtoto, shikamoo gani hii isiyokwisha? Uji umeganda."

"Nakuheshimu sana mama."

"Toka toka hapa, muongo mkubwa." Lakini mkono hakuuondoa.

Ningekuwa na akili ningeendelea hivyo hivyo. Ila Alhamisi moja yule mama wa vigae akaja kwetu kumjulia hali mama, amebeba kababu na biriani kwenye mabakuli. Wakapatana vibaya sana. Nusu saa haijaisha wameshazungumzia mazishi, kisukari, khanga za zamani zilivyokuwa nzito, na tabia zangu mbovu, hasa tabia zangu. Mama anacheka sijamsikia vile toka augue. Na mie kwa furaha yangu nikasahau. Nikapakua, nikaleta sahani mbili, nikaziweka mbele yao.

Kicheko kikakatika. Mama akatazama sahani, khanga ikavutwa, uso ukafungwa. Chumba kizima kikawa baridi na jua lote lile la Temeke nje. Yule mama akatupa jicho mara moja tu, kwenye khanga, akasukuma sahani yake nyuma kidogo.

"Binti yangu, mie leo nimefunga. Niwekee nikafuturu nyumbani."

"Basi na mie sitakula mbele ya aliyefunga," mama akasema haraka, na pumzi zikamrudi.

Nikamsindikiza mgeni wangu mpaka kwenye bajaji. Nikamnong'oneza, "Mama, si ulikuja unatafuna karanga?"

"Nyamaza wewe," akasema, akapanda.

Ule wema wake ulinichoma kuliko angesema neno. Mama yangu anafichiwa aibu na mgeni, ndani ya nyumba yake! Usiku ule ile hasira yangu ya zamani ikapanda begani, kati ya bega na sikio, pale pale. Nikaingia kwa mama, shikamoo ya haraka haraka, nikaona vidole vimechelewa kufunguka, nikavivuta. Kidogo tu. Mama hakupiga ukelele safari hii, alitoa sauti ndogo tu, akageukia ukutani, na ngumi ikajifunga kama siku ya kwanza.

Kesho yake sikuthubutu. Nilisimama mlangoni, nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, nikaweka uji nikakimbia. Na keshokutwa hivyo hivyo. Kule ukumbini Jumamosi nilikuwa sipigi, sikunji, nimekaa ukutani nimekumbatia magoti. Mwalimu akaja akakaa pembeni yangu, akanimegea karanga zake, hakunihubiria. Aliniuliza tu mama anaendeleaje, nikamwambia nimeharibu. Akasema, "Haya, mpe nafasi," akaenda kufundisha wengine.

Nilimpa nafasi mpaka mwenyewe akachoka. Asubuhi moja nimeshasema shikamoo yangu ya mlangoni, nageuka, nikamsikia:

"Njoo hapa. Siku hizi salamu unanitupia kama mfupa. Nani kakufundisha?"

Nikarudi. Alikuwa amekaa kitandani, amenyooka. Akafungua khanga mwenyewe, akautoa ule mkono, akauinua kadiri unavyoinuka, unatetemeka hewani, akaniletea.

"Taratibu lakini," akasema.

Nilipiga magoti. Nilikuwa taratibu, jamani. Sijawahi kuwa taratibu vile maishani mwangu.

Tukaendelea hivyo miezi. Sitaki kudanganya mtu, ule mkono haujawa kama zamani na daktari amesema hautakuwa. Asubuhi unaamka mvivu. Mvua ikinyesha unanuna. Lakini mama akaanza kunitazama ninavyofanya, na nikitoka namsikia anajaribu mwenyewe, anaukandamiza mgongo wa mkono kwenye goti mpaka kifundo kinakunjika, anasubiri, anaukemea. "Fumbuka we! Kwani unaficha nini?" Mie na mwanangu tunazibana midomo nyuma ya pazia.

Ijumaa moja mdogo wangu wa kike alikuja kutoka Kipawa anakokaa, nikapika pilau. Wanaume wameshatoka msikitini, tukawapelekea lao barazani. Nikaweka sinia letu mkekani. Sahani ya mama nikaipakua pembeni, kijiko juu, nikaifunika, kama kawaida. Hata sijakaa, tukasikia mkongojo na ndala inayokwaruza.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amevaa khanga mpya.

"Sogeeni," akasema.

Tukasogea. Mdogo wangu akafungua mdomo aseme neno, nikamfinya paja mpaka akaufunga. Mama akakaa, akahangaika na mguu wake, hakuna aliyemsaidia kwa sababu tunamjua. Akamwambia mwanangu amnawishe. Mtoto akaleta birika na beseni, na mama akautoa mkono wa kulia mbele yetu sote, akauweka gotini, akaukandamiza, akasubiri. Tukajifanya tunaangalia pilau. Gumba likatoka. Vidole vikafuata, kimoja kimoja, vikaishia nusu njia. Maji yakamwagwa.

"Bismillahi."

Akautia mkono kwenye sinia. Wali ukamponyoka, ukatawanyika. Akaukusanya tena, ukamponyoka tena. Mdogo wangu machozi yameshamfika kidevuni na anatafuna kwa nguvu ili asionekane. Mara ya tatu mama akauzungushia vidole, na ile ngumi yake, ambayo siku zote inataka kujifunga, ikajifunga juu ya wali, ikaubana, ikatoka na tonge zima.

Tukasubiri alipeleke mdomoni. Akanigeukia mie.

"Fumbua mdomo."

"Mama, kula wewe kwanza."

"Nimesema fumbua mdomo. Unabishana na nani?"

Nikafumbua. Mkono ulikuja unatetemeka, polepole, nusu ya wali ikaniangukia kifuani, kifundo cha kidole kikanigonga jino. Lakini tonge liliingia.

"Tafuna," akasema. "Umekonda."

Mie, na mwili huu. Nilitafuna huku nalia mbele ya watu wote, na mama akanyoosha ule ule mkono wa kulia kunifuta machozi, akanipaka pilau shavu zima.